Somo: kupiga picha Mto Sabaki bila kuusingizia

Wengi hufika daraja la Sabaki, karibu na Malindi, wakapiga maji ya kahawia, wakaandika "mto mchafu", kisha wakapanda matatu. Rangi ile ni udongo uliomomonyoka bara. Uchafu wa kuogopesha hauonekani kwa macho: mto huu huanza kama Athi, hupokea Mto Nairobi na maji taka ya jiji, huungana na Tsavo ukaitwa Galana, ndipo hutufikia sisi wa pwani kwa jina la Sabaki. Kwa hiyo kinachopigika ni watu na matumizi yao ya maji.

1. Kamera ikae mkobani kwanza. Salimu, keti na wachimba mchanga, uliza: ya kunywa mnateka wapi? Ya kuoga? Mboga zinamwagiliwa kwa yapi? Majibu hayo ndiyo orodha yako ya picha. Mama akijaza mtungi, omba ruhusa umfuate hadi jikoni. Tope likishatuama, atachota ya juu polepole asilitibue. Mkono huo unaochota nauona na thamani kuliko picha kumi za mifuko ya plastiki.

2. Rangi. Kamera ikijiamulia mizani ya rangi (white balance), kahawia ikijaa kwenye fremu huipoza, maji yakatoka kijivu. Weka mizani hiyo kwenye alama ya jua na usiibadilishe. Nyumbani usikoleze, ukikoleza umesema uongo.

3. Mwanga. Asubuhi jua latoka baharini. Simama darajani uelekee bara, likupige mgongoni. Adhuhuri maji humeta tu, tafuta kivuli.

4. Mlangoni mwa mto. Kaskazi ikivuma, tope husukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi, kwenye matumbawe ya hifadhi iliyotengwa mwaka 1968. Kusi ikishika, huelekea upande wa pili. Ukitaka tope na mahoteli kwenye picha moja, ngoja kaskazi. Majini usiingie, viboko wapo, na mamba.

Maswali

*Mambrui:* Mwalimu, watoto wakiwa wanaoga?
Usipige. Wakishavaa, zungumza na mzazi.

*Malindi mjini:* Nataka kurusha droni.
Pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

*Lamu:* Huku kwetu hakuna mto, nifanyeje?
Mitaro mnayo. Fuata mmoja kutoka vichochoroni hadi unapomwaga baharini, maji yakiwa yamekupwa. Ni somo lile lile, tena bila nauli.

*Mambrui:* Nimlipe ninayempiga?
Soda baada ya kazi, sawa. Pesa kabla, ataanza kukuigizia. Mpelekee picha iliyosafishwa. Hiyo wengi huahidi na wachache hutimiza.

*Gongoni:* Chini ya picha niandike nini?
Ulichoona, na ulichoambiwa, ukisema aliyekuambia ni nani. "Anateka maji ya kupikia", ndiyo. "Anakunywa sumu", hapana, mpaka maji hayo yapimwe maabara.