Somo: Kugeuza MP3 kuwa WAV inayokubalika na mtambo wa simu wa zamani

Habari wakuu. Ofisi nyingi bado zina mtambo wa simu wa miaka mingi, ule unaokukaribisha na kukuambia bonyeza moja, bonyeza mbili. Ukitaka kubadilisha salamu, unarekodi kwa simu ya mkononi, unapakia MP3, na mtambo unaikataa. Mara nyingi unachotaka ni WAV ya aina moja tu: sampuli 8,000 kwa sekunde (yaani sauti inapimwa mara 8,000 kila sekunde), biti 16, mono (chaneli moja). Lakini soma kwanza kitabu cha mtambo wako, maana si yote inayofanana.

WAV ililetwa na Microsoft na IBM mwaka 1991. Ni ganda tu, ndani yake zinakaa sauti za aina nyingi. Kwa hiyo kufuta .mp3 na kuandika .wav hakubadilishi kitu, na WAV yenye ubora wa CD nayo inaweza kukataliwa.

Hatua ya 1. Weka nakala ya faili la asili kwenye folda ya pembeni. Ukishashusha sampuli hadi 8,000, kilichokatwa hakirudi.

Hatua ya 2. Fungua faili kwa Audacity, programu ya bure. Kata ukimya wa mwanzo na mwisho, kisha punguza sauti ili vilele visizidi desibeli -3.

Hatua ya 3. Nenda "Export Audio", chagua WAV, mono, 8000, na "Signed 16-bit PCM" (PCM ni sauti isiyobanwa). Hapo kwenye PCM ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu ukichagua "32-bit float" kompyuta itaicheza vizuri kabisa, lakini mtambo hautaielewa.

Wanaopenda kuandika amri, ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza sauti, inamaliza ugeuzaji kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i salamu.mp3 -ac 1 -ar 8000 -c:a pcm_s16le salamu.wav

Hatua ya 4. Hakiki kwa amri ffprobe salamu.wav (ffprobe huja pamoja na ffmpeg) kabla ya kupakia. Uone pcm_s16le na 8000 Hz.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimefuata yote, mtambo bado unagoma.
Jibu: Ongeza -map_metadata -1 -fflags +bitexact kabla ya jina la faili la mwisho. ffmpeg huandika maelezo madogo kwenye kichwa cha faili, na vifaa vya zamani vinavyotarajia kichwa cha baiti 44 huchanganyikiwa. Angalia pia jina la faili: fupi, bila nafasi.

Swali: WAV si huwa kubwa sana? Mtambo wetu una nafasi kidogo.
Jibu: Ya CD ndiyo kubwa, zaidi ya MB 10 kwa dakika. Hii yetu ni kilobaiti 16 kwa sekunde, sawasawa na MP3 ya kbps 128 (kilobiti kwa sekunde). Mtambo ukikubali A-law, aina ya kubana sauti inayotumika kwenye simu, weka pcm_alaw badala ya pcm_s16le, ukubwa unashuka nusu.

Swali: Muziki wa kusubiria unasikika kama uko ndani ya pipa. Nitumie MP3 ya kbps 320?
Jibu: Haitasaidia, dada. Kwa sampuli 8,000 kila kilicho juu ya hezi 4,000 kinatupwa, na simu za kawaida hupitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 tu. Besi na matoazi ndivyo vinavyoumia. Tafuta ala moja, gitaa au kinanda. Kwenye salamu pia, "s" na "f" hukaribiana, kwa hiyo msomaji asikimbie.

Swali: Bosi amenitumia salamu kwa WhatsApp, ni .opus.
Jibu: Amri ni ileile, badilisha jina la faili la mwanzo tu. Ila kama alirekodi akiwa garini, mwombe arudie.