Mboga pwani: chumvi haiondoki shambani mpaka uibebe

Kingo za mashamba ya chumvi, kama yale ya Nunge, Bagamoyo, si mahali pa mchicha wala tembele. Mboga pwani huota humo bila kubembelezwa. Ni ile itambaayo, yenye majani manene yaliyojaa maji, mashina mekundu na viua vya zambarau.

Mbegu achana nazo; panda vipando. Kata mashina yenye afya, sentimita 10 hadi 15, yawe na vifundo vitatu au vinne. Pukutisha majani ya chini, fukia vifundo viwili, maana mizizi hutokea hapo. Nafasi ni sentimita 30 kila upande. Usiing'oe ile ya ufukweni inayoshika mchanga: ukiiondoa, upepo wa kusi utauleta mchanga huo huo juu ya tuta lako.

Wengi hukosea maji. Wakijua mmea unapenda chumvi, wanamwagia maji ya bahari siku ya kwanza, vipando vinanyauka kabla ya kushika. Wiki mbili za mwanzo tumia maji matamu. Baadaye changanya ndoo moja ya bahari na tatu za maji matamu. Ukiendelea na matamu matupu mmea hauendi kwa nguvu, kwani chumvi kiasi huunenepesha. Wakati wa masika inua tuta, la sivyo maji yanatuama na shina linaoza kuanzia chini. Majani yakigeuka manjano huku udongo una unyevu, mara nyingi ni njaa ya naitrojeni. Weka samadi iliyooza vizuri.

Anza kuvuna machipukizi tuta likishafunikwa, kwa kisu, ukiacha shina la chini lichipue tena. Kama lengo ni kupunguza chumvi ya shamba, hapa ndipo penye kazi. Chumvi ambayo mmea umeifyonza udongoni imo ndani ya majani. Ukiyaacha yaoze pale pale, au ukayafanya matandazo, umeirudisha juu ya udongo. Mabaki yote yatoke shambani.

Jikoni, chemsha dakika 5 bila chumvi, mwaga maji, rudia, ndipo utie tui. Mwenye presha au mawe ya figo asiifanye mboga ya kila siku, kwani ina sodiamu, ipandishayo presha, na oksaleti, ichangiayo mawe hayo. Wala usivune karibu na mfereji wa majitaka: mmea huu hufyonza pia metali zenye sumu, risasi na kadimiamu, na hizo haziondoki kwa kuchemsha.