Kuotesha bakteria wa utumbo wasiotaka hewa

Ukiotesha sampo ya choo kwa njia ya kawaida, kesho yake pleti (kisahani cha kuoteshea) imejaa E. coli, bakteria anayeota hata penye hewa, alafu unadhani huyo ndo mwenye utumbo. Wapi! Kwenye utumbo mpana wale wasiotaka oksijeni wanamzidi mara mia hadi elfu, ila wamekufa mkononi mwako kabla hata hujafunika pleti.

Hatua ya 1, midia, yaani chakula cha bakteria. Ichemshe oksijeni itoke, weka sisteini (inanyonya oksijeni iliyobaki) gramu 0.5 kwa lita, hemini (yenye chuma) na vitamini K1 (bila hivyo bakteria kama Bacteroides na Prevotella wanadumaa), na resazurini kidogo, ambayo ni rangi ya kuonyesha oksijeni, ikiwa pinki ujue hewa bado ipo, subiri rangi ipotee. Pleti zikiganda zikae kwenye jari lisilo na hewa masaa 24 kabla ya kazi. Hapa ndo watu wanaruka, afu baadae wanalalamika hakuna kilichoota.

Hatua ya 2, sampo, na hapa usicheke na saa. Chota katikati ya choo, sio juu palipopigwa na hewa, na uandike muda iliyotoka na muda uliyoipanda. Bakteria Faecalibacterium prausnitzii akikaa hewani dakika chache tu kwisha, wakati Bacteroides fragilis anavumilia masaa. Sasa shida iko hivi, huyo Faecalibacterium anatengeneza butireti, aina ya asidi ya mafuta, ambayo ndo inazipa seli za ukuta wa utumbo mpana nguvu yao nyingi, karibu 70%, na seli zikiichoma zinamaliza oksijeni iliyo karibu kwahiyo bakteria nao wanabaki salama, yaani wanalindana. Wagonjwa wa Crohn (ugonjwa wa utumbo kuvimba) wengi wanakuwa nae kidogo. Kwahiyo ukizembea dakika kumi, pleti ya mtu mzima wa afya inafanana na ya mgonjwa na utaandika majibu ya uongo bila kujua!

Hatua ya 3, jari. Weka pleti, sacheti ya gesi (inayoondoa oksijeni) na kiashiria cha methilini bluu (kinaonyesha kama hewa ipo), funga. Kikishakuwa cheupe sawa, kikibaki bluu hewa inaingia, anza upya. Mimi nilishapoteza wiki nzima kisa unywele mmoja kwenye mpira wa mfuniko. Nyuzi 37, usifungue kabla ya masaa 48 hata kama una hamu kiasi gani, wakaidi wape siku 5 hadi 7.

Hatua ya 4, hakiki. Kila koloni (kidoa cha bakteria walioota) igawe pleti mbili, moja hewani moja kwenye jari, inayoota kwenye jari tu ndo yako. Diski (kikaratasi chenye dawa) ya metronidazole, antibiotiki, ya mikrogramu 5 inasaidia, wengi wao wanaikimbia wanaacha duara safi, ila Bifidobacterium, ambaye naye hataki hewa, mara nyingi haishtuki, usije ukamtupa ukidhani ni uchafu.