Mambo ya kuzingatia kabla kipandauso hakijafika machoni

Kipandauso (migraine) kinachogusa macho hakimpi mtu nafasi ya kutafakari kinapoanza, kwa hiyo ni vyema dalili zake zijulikane mapema. Mara nyingi hutangulia doa dogo linalometameta karibu na pale unapotazama, au mstari wenye meno kama ya msumeno, ambao hutanuka taratibu kuelekea pembeni huku ukiacha sehemu isiyoonekana. Hali hiyo hudumu kati ya dakika 5 na 60. Kichwa huweza kuuma baadaye, ingawa si lazima.

Jizoeze kufunika jicho moja, kisha la pili, na kulinganisha unachokiona. Wengi hudai kwamba ni jicho la kulia lililofifia, kumbe ni upande wa kulia wa macho yote mawili. Doa likibaki kwa kila jicho, chanzo chake kwa kawaida kiko katika sehemu ya nyuma ya ubongo, ambako wimbi la mabadiliko ya umeme husambaa kwa takriban milimita 3 kwa dakika. Ndiyo maana doa hukua polepole. Likiwa katika jicho moja tu, usijitibu kwa kudhani ni kipandauso, kwa sababu kubanduka kwa retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, au kuziba kwa mshipa wa damu lazima kuchunguzwe siku hiyohiyo.

Anayeendesha gari au bodaboda katika Barabara ya Thika jijini Nairobi aamue mapema kwamba doa likianza atatoka barabarani pale penye usalama na kusubiri. Kujikaza hadi Githurai ni hatari kwake na kwa wengine. Amweleze pia mtu wa nyumbani dalili zisizosubiri: uso kulegea, mkono kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito, au uoni kupotea ghafla. Hapo safari ni ya moja kwa moja hadi idara ya dharura, Hospitali ya Kenyatta au hospitali iliyo karibu zaidi. Jicho jekundu lenye maumivu makali na kutapika nalo halingoji asubuhi, na anayeona mambo haya kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50 apimwe bila kuchelewa.

Kabla ya kwenda kliniki, andika saa doa lilipoanza na kuisha, ukichora umbo lake, hata vibaya. Taja usingizi, mlo ulioruka, hedhi na sigara. Mwanamke anayetumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni amwambie daktari waziwazi, kwani vikikutana na kipandauso cha aina hii huongeza hatari ya kiharusi, na kwa kawaida hushauriwa njia nyingine. Hesabu pia siku unazomeza dawa za maumivu: parasetamoli au ibuprofeni ikitumiwa siku 15 au zaidi kila mwezi, yenyewe huweza kuzidisha maumivu ya kichwa.