Jinsi ya kuandaa jioni ya Johnny Walker lupangoni kwenu

Hapa Lubumbashi filamu ya Kihindi haihitaji kupigiwa debe. Sema tu kuna wimbo, kuna mapenzi na kuna ngumi, viti vitajaa. Kazi inaanza mchekeshaji anapoingia. Msimulizi, yule anayewatafsiria watu filamu, hajui amfanye nini, anaongea juu ya sauti yake, na vijana wanainuka kwenda kununua kinywaji cha munkoyo. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Katuba, na Jumamosi jioni ninaonyesha filamu za zamani kwa majirani lupangoni, yaani uani kwetu. Ninachokiamini ni hiki: mchekeshaji akielezwa kabla, kisha akaachwa afanye kazi yake bila mtu kumwingilia, watu wa Katuba watamcheka kama wanavyomcheka watu wa Mumbai. Mtu nisiyechoka kumwonyesha ni Johnny Walker, mchekeshaji wa filamu za zamani za Kihindi, kwa hiyo nitaeleza kwa kumtumia yeye.

Kwanza, kwa nini yeye. Lupangoni hukai na rika lako peke yake. Mama mkwe yuko kiti cha mbele, mkwe wake amejibanza kule karibu na lango, watoto wamejilaza mkekani. Utani mmoja mchafu ukipita, mkwe anaondoka na jioni imekufa. Johnny Walker alicheza katika filamu zipatazo 300, na mwenyewe alijivunia kwamba bodi ya udhibiti wa filamu ya India haikuwahi kumkata hata mstari mmoja. Sababu ya pili ni mwili wake. Masharubu membamba, sauti nyembamba inayopanda ghafla, shingo inayotangulia kabla miguu haijafika. Ukizima sauti kabisa, bado unamwelewa.

Usianze na filamu. Anza na maisha yake, ukiwa umesimama, dakika kumi au zaidi kidogo. Watu wakishamjua mtu, wanamsubiri atokee.

Jina lake la kuzaliwa ni Badruddin Jamaluddin Kazi, mzaliwa wa Indore, India ya kati, mwaka 1926. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kikafungwa, familia ikahamia Bombay, ambayo leo inaitwa Mumbai. Ukifika hapo nyamaza kidogo. Unaongea na watu wa mji wa Gécamines, kampuni ya taifa ya migodi, ambayo kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpango mmoja. Wazee walio mbele yako wanajua nyumba inakuwaje baba anaporudi na hana tena zamu ya kesho. Usiwaeleze. Endelea tu na mtoto: shule aliiacha mapema, kama darasa la sita, akaingia barabarani kuuza matunda, mboga na barafu. Kila lupango lina mtoto aliyewahi kutembea na sinia kichwani, na ukisema maneno hayo utaona mtu anamgusa mwenzake begani.

Kisha kijana anapata kazi ya ukondakta katika mabasi ya mji ya kampuni ya BEST. Hapa acha kusimulia, igiza. Badruddin aliwachekesha abiria wake njiani, alitangaza vituo kwa utani na vituko. Utani wenyewe wa Bombay hautakusaidia. Chukua wa kwetu. Mimi ninapiga ubavu wa kiti kwa kiganja, kama makondakta wanavyopiga bati la basi, na kuita majina ya mitaa yetu: "Kenya, Kenya! Njanja! Ruashi mmoja, mmoja tu! Papa, sogea, huyo mama naye ana haki ya kukaa!" Lazima kuna mtu nyuma atakayejibu kwamba anashuka. Mwache ashuke. Mjibu. Lumbaneni kidogo kuhusu chenji. Wakishacheka, sema kwa sauti ya kawaida kwamba siku moja miongoni mwa abiria alikuwamo Balraj Sahni, mwigizaji, ambaye wakati huo alikuwa anaandika hadithi ya filamu ya Baazi. Mtu huyo akamtazama kondakta na kuona kitu.

Kinachofuata kinasimuliwa hivi. Sahni alimwambia kijana aende ofisini kwa Guru Dutt, mwongozaji kijana aliyekuwa anaandaa filamu yake ya kwanza, na aingie kama mlevi. Akaingia kwa kuyumba, akiwasumbua watu huku ulimi umelegea. Walipokuwa karibu kumtoa nje, akasimama wima na kupiga saluti, macho makavu. Guru Dutt akampa nafasi katika Baazi, iliyotoka mwaka 1951, na akampa jina la wiski: Johnny Walker. Saluti hiyo ipige wewe mwenyewe. Yumba hatua tatu hivi, egemea mtu unayemfahamu, kisha simama kama askari. Ukiifanya vizuri, watoto watairudia wiki nzima.

Kuna jambo moja la kulificha hapa, na jioni yote inalitegemea. Usiseme bado kama alikuwa anakunywa au hanywi. Wakuulize, uwaambie wasubiri.

Sasa vifaa, kwa kifupi. Nyimbo na vipande vyake vingi viko mtandaoni. Pakua usiku, mega za intaneti zikiwa rahisi, uweke kwenye flashi, kwa sababu ukitegemea intaneti palepale picha itaganda mdomo ukiwa wazi. Shuka langu nimelishona kwa vipande viwili vya amerikani, na mshono nimeuweka chini kabisa, kwenye usawa wa miguu, usikate nyuso. Spika iwe karibu na wazee, si karibu nawe. Kuwe na betri, umeme unakatika bila hodi. Mwezi wa sita na wa saba baridi yetu haina mchezo: anza mara giza linapoingia, weka mbabula moja, jiko la makaa, pembeni ambapo moshi hauwaendei watu, na maliza mapema.

Kipande cha kwanza kiwe wimbo wa Pyaasa, filamu ya Guru Dutt ya mwaka 1957. Johnny Walker ni Abdul Sattar, mkandaji wa vichwa anayezunguka na mafuta yake akitafuta wateja. Kabla hujabonyeza, sema mambo mawili tu. La kwanza: huyu anawaambia watu kwamba kama kichwa kinazunguka au moyo umezama, waje kwake awakande. La pili: sauti wanayoisikia si yake, ni ya mwimbaji Mohammed Rafi. Wengi kwetu wanadhani mwigizaji anaimba mwenyewe, na wakijua ukweli wanasikiliza vizuri zaidi, maana Rafi anaipinda sauti yake ifanane na mdomo wa Johnny Walker, hata unaona koo moja. Kisha funga mdomo. Kabisa. Vidole vyake vinapotembea juu ya kichwa cha mteja vikiufuata mdundo, kila neno lako ni kelele.

Wimbo ukiisha, waeleze umetoka katika filamu ya namna gani, kwa sababu watadhani ni filamu ya kuchekesha. Pyaasa ni habari ya Vijay, mshairi maskini ambaye mashairi yake hakuna anayeyataka, mpaka dunia inapodhani amekufa. Hapo kitabu chake kinauzwa sana, na ndugu zake wa damu, kwa ajili ya fedha, wanakana kwamba aliye hai mbele yao ni yeye. Amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Anayemsaidia kutoka ni nani? Ni Abdul Sattar, yule mkandaji wa vichwa. Ninalisema hili polepole, kwa sababu kwangu ndipo ukubwa wa Johnny Walker ulipo. Msomi anamkana Vijay, ndugu anamkana, na mtu wa chini kabisa ndiye anayemjua. Jumamosi moja mzee wa jirani alisema "Ndiyo dunia" na hakuna aliyeongeza neno kwa muda.

Kipande cha pili ni cha ulevi, na hapa chukua muda wako. Kiko katika Madhumati ya Bimal Roy, ya mwaka 1958, filamu iliyompa Johnny Walker tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi. Tena ni wimbo, tena koo ni la Rafi. Maneno yake yanaingia Kiswahili bila kulia: tausi alicheza msituni, hakuna aliyemwona, mimi nimeonja kidogo tu, nimeyumba kidogo tu, na dunia nzima imeniona. Yaseme maneno hayo mara mbili kabla ya kuonyesha. Mara ya kwanza kawaida, mara ya pili kama mlevi anayelalamikia haki yake mbele ya chifu. Katika mtaa ambao pombe ya lutuku inauzwa nyuma ya nyumba na kila mtu anajua ni nani aliyeonekana jana akishika ukuta, hutakuwa na haja ya kufafanua.

Wakati wanacheka, wewe tazama miguu yake, na uwaombe watazame pia. Mlevi wa kuigiza vibaya anatupa mikono na kuanguka ovyo. Johnny Walker anafanya kinyume. Anajitahidi kusimama wima kama mtu mwenye akili zake, anajipanga, anaona amefaulu, na hapo ndipo goti linamsaliti. Kichekesho kiko kwenye juhudi ya kuonekana mzima. Rudisha kipande nyuma uonyeshe tena sehemu hiyo peke yake. Vijana wanaopenda kuigiza wanafaidika hapo kuliko mahali pengine popote, na wenye umri wa kumkumbuka Mufwankolo, mchekeshaji wetu aliyejulikana mji mzima kwa michezo yake ya Kiswahili, watakuambia wanaitambua kazi ya namna hiyo: mtu anashikilia uso wake, wengine ndio wanaocheka.

Sasa fichua siri. Mtu huyu aliyeitwa kwa jina la wiski na aliyeishi kwa kuigiza walevi hakuwa mnywaji. Pombe hakunywa. Kutakuwa na kelele. Kuna watakaokataa. Ninapenda sana dakika hizo, kwa sababu ghafla wanataka kuona kipande kile tena, na safari hii hawamwangalii mlevi, wanamwangalia fundi.

Kama muda unaruhusu, weka katikati wimbo wa C.I.D. wa mwaka 1956, ambapo yeye ni mwizi wa mifukoni anayeonya kwamba kuishi Bombay si rahisi. Ukibanwa na muda, uache.

Kabla ya kipande cha mwisho, rudi kwenye maisha, kwa maneno machache. Guru Dutt alifariki mwaka 1964 akiwa na miaka 39. Ladha ya vichekesho ikabadilika, utani ukawa mzito, na Johnny Walker hakutaka kuufuata. Akapunguza kazi. Fedha yake aliitumia kusomesha. Watoto wake wa kiume aliwapeleka Marekani kwa masomo, yeye aliyeishia darasa la sita. Mbele ya vijana wa kwetu mimi silipitii jambo hili haraka.

Kisha onyesha Anand ya Hrishikesh Mukherjee, ya mwaka 1971. Eleza mchezo wenyewe, maana bila huo hawatashika kitu. Anand, aliyechezwa na Rajesh Khanna, anaumwa saratani na anajua hatapona. Ana tabia ya kumvamia mtu asiyemjua na kumwita Murarilal, kama rafiki wa zamani. Wote wanamshangaa au wanakasirika. Mmoja tu, Isa Bhai, mtu wa michezo ya jukwaani, anaupokea mchezo papo hapo na kumwita yeye naye kwa jina lisilo lake. Huyo ndiye Johnny Walker. Onyesha wanapokutana, kisha sogeza mbele hadi Isa Bhai anapojua rafiki yake anakufa. Usitafsiri chochote hapo. Uso uleule waliokuwa wanaucheka kwenye Madhumati unavunjika, na niliwahi kuona watoto waliokuwa wakiigana saluti wakiacha wenyewe.

Washa taa na upokee maswali. Yatakuja haya: je, bado yuko hai? Alifariki Mumbai tarehe 29 Julai 2003. Je, aliigiza uzeeni? Ndiyo, mwaka 1997 alirudi katika Chachi 420 ya Kamal Haasan, baada ya miaka mingi ya kukaa pembeni. Je, alioa? Alimwoa Noor, dada wa mwigizaji Shakila. Mama zetu hawatakuacha uende bila kujibu hilo.

Wakitaka filamu nzima wiki ijayo, usiwape Pyaasa kwanza, ni nzito kwa mtu anayeanza. Wape Mr. & Mrs. '55, ambamo Guru Dutt mwenyewe anacheza mchoraji wa katuni asiye na kazi na Johnny Walker ni rafiki yake mpigapicha. Tafuta nakala yenye maandishi ya Kifaransa, na wale waliosoma wakae katikati ya wasiosoma, wawanong'oneze kati ya mazungumzo, si juu yake.