Kutoka kibanda cha uwakala mpaka kuwa testa wa programu

Nimekaa miaka sita kibandani naweka na kutoa hela za watu, na kila siku lazima aje mtu analia hela imekatwa huku kule haijafika, namuuliza ulibonyeza wapi, mtandao ulikuwepo, meseji ilisemaje. Kumbe hiyo ndo kazi ya testa yenyewe, yule anayejaribu programu kutafuta makosa kabla hayajamfikia mteja, sema nilikuwa naifanya bure.

Kwa hiyo na wewe ukitaka kuwa testa usianze kwa kununua kozi. Chukua aplikesheni ya kitu unachokijua, kama ulikuwa nesi chukua ya miadi ya kliniki, kama ulikuwa na duka chukua ya stoo, halafu isumbue. Kwenye jina andika Ng'wandu uone ile alama ya juu kama haitaivuruga. Kama kiwango ni kuanzia 1,000 mpaka 1,000,000 usihangaike na 50,000, weka 999, weka 1,000, weka 1,000,001, maana makosa mengi yanajificha mipakani. Zima data katikati ya kutuma. Ila fanya kwenye akaunti yako au saiti za mazoezi tu, ukianza kuchokonoa mifumo ya watu Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na haitakuuliza kama ulikuwa unajifunza.

Sasa kuripoti, hapa ndo wengi wanafeli. "Aplikesheni inagoma" siyo ripoti, developa, yaani anayeitengeneza programu, atakupita tu. Andika hivi: nimeingia, nimeweka 1,000 ambayo ndo kiwango cha chini, nimebonyeza tuma, nilitegemea ikubali, imeniambia kiasi ni kidogo, simu ni Android 13, imejirudia mara tatu kati ya tatu, skrinshoti hii hapa. Andika kama 20 za hivyo uweke kwenye faili moja, hiyo itakusaidia kuliko cheti.

Cheti nacho kipo, cha ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya matesta, ngazi ya msingi, maswali 40 kwa dakika 60 na unatakiwa upate 26, kama Kiingereza siyo lugha yako unaweza kuomba uongezewe dakika 15. Silabasi yake inapakuliwa bure kwa hiyo soma kwanza ndo ulipie mtihani. Jifunze na Jira ya kuandikia na kufuatilia kasoro, Postman ya kujaribu mifumo inavyotumiana taarifa, na SQL, lugha ya kuuliza kanzidata, ya kusoma tu, mambo ya Selenium ya kufanya majaribio yajiendeshe yenyewe yasubiri.

Ukitaka vihela vya kuanzia kuna uTest, tovuti ya kujaribu programu za kampuni mbalimbali, unalipwa kwa kasoro zilizokubaliwa, ila usiache kazi kwa ajili ya hiyo, kuna mwezi unapata na mwezi unaambulia patupu. Na kwenye CV usiifiche kazi ya zamani. Mimi kwenye intavyuu niliulizwa nitaijaribuje ATM, wenzangu walianza na PIN, mimi nikaanza na yule mama anayechukua hela akasahau kadi mashineni.