Kabla hujang'oa jino bovu uweke la kupandikiza

Piga picha ya eksirei kwanza. Kisha mwulize daktari: uozo wote ukitolewa, jino zima litabaki kiasi gani juu ya ufizi? Kofia, yaani kifuniko kigumu kinachovishwa juu ya jino lililotibiwa, inahitaji ukuta wa jino lenyewe, milimita 2 hivi kuzunguka pande zote. Ukikosekana, kofia itang'oka au mzizi utavunjika. Mzizi uliopasuka wima hauna dawa, ng'oa. Usaha peke yake si sababu ya kung'oa. Jipu la kwenye ncha ya mzizi mara nyingi hupona mzizi ukisafishwa vizuri.

Sasa, wengi hupoteza jino ambalo tayari limeokolewa. Gego limeuma, neva imetolewa, mizizi imesafishwa na kujazwa, juu pamezibwa kwa dawa ya muda. Maumivu yamekwisha. Mgonjwa anapewa tarehe ya kurudi kuwekewa kofia, anakumbuka ada ya shule, anaahirisha. Miezi inapita. Ile dawa inalika, mate na bakteria vinapenya tena hadi kwenye mizizi. Gego nalo limetobolewa katikati, kuta zake ni nyembamba. Siku anapotafuna mfupa wa kuku linapasuka mpaka chini ya ufizi, na hapo hakuna tena cha kuokoa. Kwa hiyo bei ya kofia iingie kwenye hesabu kabla ya matibabu kuanza. Kama pesa haitoshi, sema mapema, ili daktari azibe kwa dawa ya kudumu inayofunika vilele vya gego.

La kupandikiza si njia ya mkato. Skrubu ya titani huzamishwa kwenye taya, na kwa kawaida mfupa huhitaji miezi 3 hadi 6 kuishika. Ukikaa na pengo muda mrefu mfupa hunywea, na huenda ukalipia kuongezewa mwingine. Halitoboki, lakini fizi zake huugua, hasa kwa mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Kijana ambaye taya bado zinakua asubiri. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa aseme kabla ya kung'olewa.

Ukishawekewa, dai karatasi yenye jina la kampuni na kipimo cha skrubu. Kampuni hutofautiana vifaa. Jino lililofungwa juu ya skrubu likilegea ukiwa mji mwingine, daktari asiyejua aina yake atapata shida kulikaza.